Mipini Yote Mitatu ni Sawa

Malindi, Shella
8 Januari 2024

Dada yangu Afiya,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi huku sijambo, ila sikio la kulia limezidi kufunga. Juzi uliponipigia simu nilisikia "Rufaida" na "unga", mengine yote yalikuwa upepo. Miaka thelathini mbele ya mashine ya kukerezea mbao si mchezo. Basi nimeona nikuandikie, na wewe uniandikie. Mwanao Rufaida atakusaidia kuzipeleka barua zako ofisi ya basi, zitanifikia siku hiyo hiyo pamoja na vifurushi vya watu.

Nimepata kazi. Bwana mmoja aitwaye Mwenda, mnunuzi wa vifaa vya jiko katika hoteli moja ya Kikambala, ameagiza mipini mia moja na hamsini, ya visu na ya pawa za kuchotea mchuzi. Ile ya plastiki waliyokuwa nayo imepasuka. Mbao ninazo, vipande vya mbambakofi nilivyopewa na wachonga milango. Kilichonikwamisha ni cha kupaka. Vanishi hataki, anasema inabanduka ikaingia katika chakula. Nami namuunga mkono. Kwa hiyo ni nta.

Sasa nta ya nyuki ninayonunua kwa Fondo, yule mfuga nyuki wa Tezo, imepanda bei. Nikiipaka peke yake, nitakuwa nimemfanyia kazi Fondo. Nimejaribu njia tatu, nikatia mipini katika visu vitatu vya zamani, nimekufungia humu. Wenye mstari mmoja ni nta ya nyuki na mafuta kidogo ya simsim. Wenye mistari miwili ni nusu nta, nusu mshumaa. Wenye mistari mitatu ni mshumaa na mafuta ya nazi basi, na ndio rahisi kuliko yote.

Vitumie. Kata kitunguu, para samaki, shika ukiwa na mafuta, shika ukiwa na maji. Wewe umepikia maarusi miaka mingapi? Mikono yako ndiyo iliyokuwa ikijua kwamba unga wa maandazi haujakandwa ukatosha, wakati sisi sote tunauona sawa. Niambie upi unanata na upi unateleza. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Nduguyo,
Shukri


Kilifi, Mnarani
17 Januari 2024

Mdogo wangu Shukri,

Waalaykum salaam, na marahaba. Kifurushi kimefika salama. Nisamehe kwa mwandiko huu, kalamu ya Rufaida haitaki kukaa mkononi.

Mimi ni mzima. Zile safari zangu za Mombasa zimekwisha, shoga yangu niliyekuwa nikimwuguza amepata nafuu, alhamdulillahi, na sasa nimetulia kwangu. Rufaida anafundisha asubuhi mpaka alasiri, kwa hiyo jiko lote ni langu.

Visu nimevitumia siku nne. Nimekatia kitunguu, nimekatia muhogo, nimeparia samaki changu watatu. Kusema kweli, ndugu yangu, mikononi mwangu mipini yote mitatu ni sawa. Sioni unaonata wala unaoteleza kumshinda mwenzake. Umeikereza vizuri mno, mashaallah, inapendeza hata kuitazama.

Kula vizuri. Usikae na chai kavu mpaka adhuhuri.

Dadako,
Afiya


Malindi
22 Januari 2024

Dada Afiya,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Yote mitatu ni sawa! Hujui umenitua mzigo gani. Kama wewe huoni tofauti, nani Kikambala ataiona? Basi nafanya ule wa mistari mitatu. Nimekwenda dukani nikanunua mishumaa katoni nzima, muuzaji akaniuliza kama nyumbani kwetu stima imekatwa.

Kitakachobaki nitanunulia mkanda mpya wa mashine. Huu wa sasa nimeufunga kwa waya, na kila ukizunguka unalia kama paka.

Mwandiko wako kweli umekuwa wa kuku. Umezeeka ghafla au ni uvivu?

Nduguyo,
Shukri


Kilifi
30 Januari 2024

Shukri,

Nilikuwa nikifikiri, je, usingoje kidogo? Ungewapa wapishi wengine nao wajaribu kabla hujapaka yote. Mikono yangu ni ya mtu mzima sasa, na mtu akizoea kushika visu vya kila namna huenda asione. Nasema tu.

Dadako,
Afiya


Malindi
4 Februari 2024

Dada,

Wacha unyenyekevu. Thelathini nimekwisha kupaka, inang'aa kama imetiwa mafuta ya nywele. Mwenda anaitaka kabla ya Ramadhani. Dua zako tu.

Shukri


Malindi
27 Aprili 2024

Dada Afiya,

Shikamoo.

Mipini imerudi. Yote. Mwenda alishusha gunia mlangoni pangu jana, mbele ya watu waliokuwa wakingoja vitanda vyao, akasema maneno machache kwa sauti ya juu ili mimi kiziwi nisikie, akaondoka.

Ilipoanza kuoshwa kwa maji ya moto iligeuka mabaka meupe, kama ngozi yenye ugonjwa. Lakini hilo si neno, mabaka hayamuumizi mtu. Siku ya tatu baada ya Idi, mpishi mmoja jina lake Kazungu alikuwa akikata jodari, mkono umelowa, mpini ukazunguka na kisu kikamwingia kiganjani. Ameshonwa nyuzi tano. Ana mke na watoto wawili, na mkono wenyewe ni wa kulia.

Nilipotulia nikachukua mpini mmoja, nikaloweka mikono, nikafanya lile nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Uliniponyoka kabla sijamaliza kitunguu cha kwanza. Nikapaka mwingine nta ya nyuki, ukatulia mkononi kama umeota pale. Dada, haihitaji mpishi kuona tofauti ile. Mtoto angeiona.

Ulivijaribu kweli? Au uliviweka kabatini, ukaniandikia la kunifurahisha? Kama ulikuwa umechoka, au una shughuli zako, neno moja tu lingetosha: "Shukri, sina nafasi." Nisingekasirika. Lakini nilikuuliza kwa kuwa nakuamini kuliko ninavyojiamini mimi, na wewe ukanijibu kama mtu anayemfukuza nzi.

Nimeandika kwa uchungu. Nimeshindwa kuandika vingine.

Shukri


Kilifi
14 Mei 2024

Mjomba Shukri,

Shikamoo. Ni mimi Rufaida. Mama hajui kama nakuandikia, nami nakuomba asijue.

Barua yako ameiweka chini ya mto. Kila usiku naona ameitoa, anaisoma, anairudisha. Hajaijibu kwa sababu hajui aanzie wapi. Acha mimi nianze.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Mama alipatikana na saratani ya titi. Hakuna shoga yeyote aliyekuwa mgonjwa Mombasa. Mgonjwa alikuwa yeye. Alifanyiwa upasuaji, kisha akatiwa dawa kwa mshipa mara sita. Alhamdulillahi, dawa zimefanya kazi na daktari ameridhika. Lakini zimemwachia ganzi vidoleni, mikono yote miwili, mpaka katikati ya viganja. Hahisi kitu. Vifungo vya nguo namfungia mimi. Mwezi wa pili alishika sufuria ya moto, akajua ameungua alipoisikia harufu.

Hakukudanganya, Mjomba, naapa. Nilikuwepo. Siku vilipofika vile visu alikaa navyo kwenye kibaraza cha jikoni muda mrefu. Alivishika kwa mkono wa kulia, akavishika kwa wa kushoto, akavitia maji, akavipaka mafuta, mwisho akaiegemeza ile mipini shavuni mmoja mmoja. Siku ya nne akaniomba kalamu. Alichokuandikia ndicho alichokipata. Kwake yeye yote mitatu ni sawa.

Baadaye nilivitumia mimi, nikamwambia wa mistari mitatu unateleza. Barua yako ya kufurahi ilikuwa imekwisha fika. Akaniambia, "Labda mikono yako ndiyo yenye maji mengi." Halafu akasema, "Hebu tumwambie angoje." Akakuandikia ungoje. Zaidi ya hapo hakuweza.

Nilimwuliza mara nyingi kwa nini hakwambii. Anasema Bibi alipougua uliuza mashine yako ya kwanza, na alipofariki ulikaa miezi mitatu hukushika hata msumeno. Anasema, "Shukri akijua, ile mashine itakuwa njiani kesho."

Naomba usimkasirikie. Na tafadhali, usimwambie nimekuandikia.

Mpwa wako,
Rufaida


Malindi
19 Mei 2024

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, shikamoo.

Barua yangu ya mwezi uliopita ichome. Nilikuwa nimeona haya mbele ya watu, nikatafuta wa kumtwika. Kazi ya mikono yangu niliipeleka bila kuijaribu kwa mikono yangu. Kosa ni langu lote na nimelikubali.

Nina habari njema kidogo. Mwanzoni mwa mwezi huu nilikwenda Kikambala kumwomba radhi yule Kazungu. Nilimkuta nyuma ya jiko, mkono umefungwa, anachambua mchicha kwa ule mwingine. Nikajitaja. Akanitazama, akasema, "Wewe ndiye fundi wa visu vya sabuni?" Sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia ndiye mimi. Akanivutia ndoo nikakaa. Ni mtu mwema. Hawajamwachisha kazi, kidonda kinafunga, na anaweza kukunja vidole vyote. Wakati naondoka nikamwuliza nikimletea mipini mingine kama atakubali kuishika. Akasema, "Lete, lakini nitaanza na mkono wa kushoto. Huu wa kulia bado umenuna."

Kutoka huko nikashukia Tezo kwa Fondo. Nikamweleza yote bila kuficha, na kwamba bei yake siiwezi. Akaniingiza bandani, akanionyesha madonge meusi ndani ya gunia. Kumbe ni nta ya masega makuukuu. Wenye kutengeneza sabuni na mishumaa wanataka ile ya njano, hii nyeusi hawaitaki, naye huiuza nusu ya bei. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema, "Hujawahi kuniuliza. Kila siku wewe unakuja unataka ile nzuri, halafu unalalamika."

Mbao zangu nyeusi, nta nyeusi, nani atajua? Nimeichuja kwa kitambaa, nikaitia mafuta ya simsim. Mipini naianika juani kwanza mpaka ipate moto, napaka kidogo sana, halafu naifuta kwa nguvu kama mtu anayetaka kuiondoa yote. Donge moja limetosha mipini arobaini. Kazungu ameijaribu siku sita, na wenzake jikoni, na hakuna aliyelalamika. Mwenda ameipokea tena, bila kucheka lakini ameipokea. Nimemwachia na kopo la nta, wasugue kila mwezi.

Nimekutumia asali ya Fondo, chupa mbili. Tumia kwa chai.

Nduguyo akupendaye,
Shukri


Kilifi
26 Mei 2024

Shukri,

Marahaba. Rufaida amekuandikia. Usikane.

Umenitumia barua ndefu yenye asali, na ndani yake hukuniuliza swali hata moja. Wewe, ambaye mtu akikohoa wataka kujua jana alikula nini! Nilipofika "dada yangu mpenzi" nikajua. Hujaniita hivyo tangu kuzaliwa kwako. Nikamwita Rufaida, akalia kabla sijamaliza kuuliza. Sikumgombeza, nawe usimtaje vibaya.

Sasa nitakwambia mwenyewe, kwa kuwa alilokueleza mtoto si lote.

Ganzi hii siwezi kuieleza vizuri. Kila kitu nakishika kama kimefungwa ndani ya blanketi. Naona kwamba nimeshika, sihisi kwamba nimeshika. Mara mbili nimeangusha chungu nikiwa nakitazama. Kuna shoga zangu wawili walioniletea unga wa harusi nikawaambia nimeacha kupika, nimechoka, watafute vijana. Wakaniambia nimeanza kuringa. Nikawaacha waseme.

Halafu ukaniletea vile visu. Ukaandika kwamba mikono yangu inajua. Shukri, nilifurahi. Nilifurahi kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye bado hajui. Nikasema nitajaribu, labda itanirudia, labda mkono uliozoea miaka arobaini utajikumbuka wenyewe. Haukujikumbuka. Nikakuandikia ukweli, lakini nikauacha nusu, na ile nusu ndiyo iliyomkata Kazungu. Wewe umesema kosa ni lako lote. Si lako lote. Katika nyuzi tano zile, nyingine ni zangu, na nataka umwambie. Umtajie na jina langu.

Kuhusu kukuficha, nilifanya hivyo kwa ajili yako, ndivyo nilivyojiambia. Nikiwaza sasa naona nilifanya na kwa ajili yangu pia. Nilipokuwa sijakwambia, kulikuwa na nyumba moja Malindi ambamo mimi sikuwa mgonjwa.

Na mashine usiuze. Nakwambia kabla hujafikiri.

Dadako,
Afiya


Malindi
31 Mei 2024

Dada Afiya,

Shikamoo. Mashine siuzi. Naanza na hilo ili usome lililobaki ukiwa umetulia.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika siku mbili, na si kwa ajili ya visu. Mwezi wa kumi mwaka jana nilipita Kilifi kununua msasa. Nikasimama pale njia ya kuingia kwako, nikasema, dada hayupo, yuko Mombasa kwa mgonjwa wake, nikapanda gari nikarudi. Mimi nilikuwa nikinunua msasa na wewe ulikuwa umelala na sindano mkononi. Hilo ndilo linalonichoma. Ungenipa nafasi nikaogopa pamoja na nyinyi. Kuogopa najua, nimefanya kwa Mama. Kweli nilianguka baadaye. Lakini wakati wenyewe nilikuwepo, Afiya. Kila siku nilikuwepo.

Basi, yamekwisha. Sirudii tena.

Kazungu nimempa salamu zako na nimemweleza. Akauliza, "Sasa huyo mama anapikaje?" Swali lile limenikaa rohoni tangu siku hiyo.

Kwa hiyo nimekutengenezea kisu chako mwenyewe, kimo humu. Mpini nimeufanya mnene, nimeuchonga mifereji ya kuzunguka, juu yake nimezungushia kamba ya katani niliyoichovya katika nta. Nimeujaribu nikiwa nimevaa soksi mbili kila mkono, mke wangu amenicheka mpaka akatoka nje. Ukiwa na soksi haukuniponyoka hata mara moja.

Ujaribu, uniambie. Lakini safari hii niambie yote.

Nduguyo,
Shukri


Kilifi
9 Juni 2024

Mdogo wangu Shukri,

Waalaykum salaam, na marahaba. Kisu kimefika, nimekitumia wiki nzima.

Mpini wako haufai.

Kwanza ni mnene mno, vidole vyangu havifungi, na nisipoviona vimefunga sina habari navyo. Pili, kamba ya katani imenywa maji ya samaki, na siku ya tatu ilinuka hata paka wa jirani akaja mlangoni. Tatu, mifereji uliyoichonga ni kazi bure kwangu. Ni mizuri, lakini ni ya mtu anayehisi. Soksi zilikudanganya. Mwenye soksi bado ana mkono ndani.

Mimi sasa nashika kwa macho. Ninachotaka ni hiki. Ondoa kamba. Ufanye mwembamba kama ule wa kwanza. Upande mmoja uwe bapa, nikitazama tu nijue makali yameelekea wapi. Na mbele, mpini unapokutana na kisu, acha ukingo uliopanda, mkono ukisogea mbele ukwame hapo kabla haujafika kwenye makali. Nta tia ile nyeusi, sitaki ya bei. Na kipande cha mbao uchague cheupe, kwa sababu cheusi kikilowa sikioni vizuri katika karai.

Rufaida anasema nimekuwa mkali. Nimemwambia aandike barua yake.

Jana nimepika pilau kidogo, ya watu wanne. Nilisimama mbali na moto, nikatumia mwiko mrefu, na unga wa viungo Rufaida alinipimia. Vitunguu vilikatika vibaya, vikubwa vikubwa. Ilikuwa nzuri hata hivyo. Tuliila yote.

Jambo jingine. Tarehe ishirini, baada ya Idi, narudi Mombasa kupimwa. Watapiga picha na siku hiyo hiyo daktari atasema kama ugonjwa umerudi au haukurudi. Chumba chake kina viti viwili vya wageni. Mara zote nilizokwenda nilimwacha Rufaida nje, nikamwambia akanunue maji, ili asisikie kabla yangu, na kile kiti cha pili nikakiwekea mkoba. Siku zile niliona ni uhodari. Sasa nikikumbuka mkoba ule umekaa pale kama mtu, naona huzuni.

Safari hii nataka ukae wewe.

Miadi ni saa tatu asubuhi. Njoo siku moja kabla, ulale hapa, tuondoke pamoja alfajiri.

Dadako,
Afiya